Huyu aliyetajwa humu ni nani?

Mama mmoja, mteja wetu, alikuja ofisini Jumatano moja ya mwezi wa saba, ile Dodoma ya baridi na upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye kibodi. Alitoka upande wa Kibaigwa na gari la alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kabati la mafaili, akafungua pindo la kanga akatoa hela ya malipo yaliyobaki, akahesabu mara mbili, akanipa. Nikaandika risiti. Shida iliyomleta ilikuwa imeisha hapo, angeweza kurudi zake stendi.

Hakuondoka.

"Mwanangu, hayo maneno mnayopeleka mahakamani, naomba niyasome."

Nikampa. Kurasa kumi na moja, hoja za maandishi za rufaa yake ya shamba, tumeandika kwa Kiswahili na zilikuwa zinatakiwa kuwasilishwa wiki inayofuata. Akavaa miwani akaanza kusoma, kidole kinafuata mstari, midomo inacheza kidogo, hana haraka kabisa, mi naendelea kuprinti mambo mengine huku namtazama kwa pembeni, manake kwa miaka minne niliyofanya kazi kwenye ofisi ya wakili, kuchapa na kutafuta kesi, sijawahi kuona mteja anasoma sabmisheni yake kuanzia mwanzo. Alipofika ukurasa wa sita kidole kikasimama.

"Huyu aliyetajwa humu ni nani?"

Nikasogea. Kidole kilikuwa juu ya jina la kesi. Fulani dhidi ya fulani, Rufaa ya Madai namba fulani ya mwaka fulani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, haijaripotiwa. Siitaji hapa, na mbele utaelewa kwa nini.

"Hiyo ni kesi ya zamani mama, tumeiweka kuonyesha kwamba mahakama ilishaamua jambo linalofanana na lako."

"Na yeye alikuwa na shamba?"

"Ndiyo mama."

"Lilirudi?"

Sikujua.

Nimeichapa kesi hiyo mara nyingi kiasi kwamba vidole vinaijua. Naijua kwa namba, naijua inakaa aya gani, najua sentensi inayofuata baada yake. Ila nani alikuwa nani humo ndani, nani alishinda, shamba lilikuwa wapi, sikujua.

Kwa hiyo nikamwambia ngoja nikuonyeshe. Nikafungua TanzLII, ule mtandao wa Mahakama ambako hukumu zinawekwa bure, nikaandika jina kama lilivyo kwenye karatasi yetu. Hakuna kitu. Nikajaribu namba. Ikatokea kesi nyingine kabisa, ya mtu anaomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, haina shamba, haina hata jina moja linalofanana. Nikabadilisha mwaka, nikajaribu jina la upande wa pili. Mama ametulia tu ananitazama, mikono juu ya mapaja.

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mtandao ulikuwa mzuri.

"Haya mwanangu," akasema, akavua miwani, akaondoka kwenda kuwahi gari.

Nilivyoanza kufukua

Uongo ule ulinikaa kifuani wiki nzima, na ukaendelea wiki zilizofuata. Ningeweza kumwambia tu "mama sijui, nitaangalia", mbona ni maneno mepesi. Nadhani kilichonifunga mdomo ni kwamba pale pale niliona kitu ambacho sikutaka akione: sisi tumeandika kwenye karatasi inayokwenda kwa Jaji kwamba kuna kesi, na hatuwezi kuionyesha.

Jioni nikamwambia bosi. Akasema hiyo tunaitumia miaka yote, iko sawa, wewe hujatafuta vizuri. Hakusema kwa ubaya, yeye mwenyewe aliikuta ikitumika. Ndo nikaanza kurudi nyuma faili moja baada ya jingine, kabatini na kwenye laptopu, nitafute ilianzia wapi. Sabmisheni ya mwaka jana imetoka kwenye ya mwaka juzi, kopi na pesti, mpaka nafasi mbili zilizozidi katikati ya maneno zimehama nazo. Ya mwaka juzi imetoka kwenye nyingine. Ya kwanza kabisa niliyoipata haikuwa hata ya kwetu, ilikuwa ya wakili wa upande wa pili katika kesi fulani iliyoisha zamani, alitupa nakala kama utaratibu unavyotaka, na mtu wa ofisini kwetu akaipenda hoja yake akaichukua pamoja na kesi yake. Kule nako hamna tarehe ya hukumu, hamna ukurasa, hamna majina ya majaji. Jina, namba, na lile neno: haijaripotiwa.

Nukuu ilikuwa imerithiwa kama deni la marehemu, kila mtu anaambiwa lipo na hakuna aliyeona hati.

Neno "haijaripotiwa"

Kwa wasiokaa kwenye hizi ofisi, wacha nieleze kidogo, manake hapa ndo pana shida yenyewe.

Zamani hukumu ukiitaja ulikuwa unataja kitabu. Ukiandika [1957] EA 336, unamwambia mwenzako nenda kabatini, chukua ripoti za Afrika Mashariki za mwaka 1957, fungua ukurasa wa 336, utaikuta Pandya dhidi ya R, ile inayosema mahakama ya rufaa ya kwanza ipime upya ushahidi wote. Ukiandika [1980] TLR 250 unampeleka kwenye ripoti za Tanzania, ukurasa wa 250, yupo Waziri Amani na habari za shahidi aliyemtambua mtu usiku. Mwaka ukiwa kwenye mabano ya mraba ni sehemu ya anwani ya kitabu. Ni mfumo mzuri sana kama kitabu unacho.

Tatizo vitabu vilikuwa vichache na vinachelewa. Hukumu nyingi mno hazikuingia kitabuni kabisa, na hizo ndo zinaitwa hazijaripotiwa. Zilikuwa zinaishi kama nakala za kuchapwa, mtu anatoa fotokopi kwa rafiki, rafiki anampa mwingine, na wakili mwenye kabati lililojaa fotokopi alikuwa anaingia mahakamani na silaha ambazo mwenzake hajawahi hata kuziona. Ukiitaja hukumu ya namna hiyo unatumia namba ya masjala, yaani ile iliyoandikwa kwenye daftari la mahakama siku kesi ilipofunguliwa: Civil Appeal namba fulani ya mwaka fulani.

Na namba ya masjala inatosha kwa karani wa masjala ile tu. Mahakama Kuu kila kanda ina daftari lake, kwa hiyo rufaa ya ardhi namba 10 ya mwaka mmoja inaweza kuwepo Dodoma, ikawepo Mwanza, ikawepo Arusha, watu tofauti, mashamba tofauti. Ukisahau kuandika kanda umetaja mtu kwa jina la Juma halafu ukasema anakaa Tanzania. Tena kuna rufaa na kuna maombi, na maombi nayo yana mfululizo wake wa namba. Mtu akiteleza akaandika rufaa pale palipo na maombi, amekuhamisha nyumba.

Na mwaka wenyewe unachanganya. Chukua kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaijua, ya Julius Ndyanabo na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliyofuta sharti la kuweka shilingi 5,000,000 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa. Namba yake ni Rufaa ya Madai 64 ya 2001. Hukumu ilitolewa 2002. Kitabuni iko [2004] TLR 14. Miaka mitatu tofauti kwenye hukumu moja na yote ni sahihi, mmoja ni wa kufungua, mmoja ni wa kuamua, mmoja ni wa kitabu. Nimeshaona karatasi ambazo zimechanganya yote hiyo, namba 64 ya 2004, na hiyo haipo popote duniani.

Namba moja isiyohama

Nchi nyingine zilihangaika na hili zikatoka. Uingereza mwaka 2001 mahakama zenyewe zilianza kuipa kila hukumu namba siku inapotoka, bila kusubiri mchapishaji wa vitabu, na aya zikaanza kupewa namba ili mtu akisema aya ya 23 iwe ya 23 kwenye simu, kwenye karatasi na kwenye kitabu. Canada na Australia zilikuwa zimetangulia kidogo. Afrika Kusini ukiona [1995] ZACC 3 hiyo ni ile hukumu maarufu iliyoondoa adhabu ya kifo.

Na sisi tunayo. Ukifungua hukumu yoyote TanzLII utaona pale juu mwaka kwenye mabano, afu TZCA kama ni Mahakama ya Rufani, TZHC kama ni Mahakama Kuu, TZHCLandD kama ni Divisheni ya Ardhi, TZHCComD ya Biashara, halafu namba. Mwaka ule ni wa hukumu kutolewa. Namba ile hairudiwi na mahakama hiyo mwaka huo. Haijalishi kesi ilifunguliwa lini, ilisikilizwa mji gani, iliingia kitabuni au haikuingia.

Nilikuwa naziona kila siku hizo herufi. Nilikuwa naziruka nikashuke chini kwenye maneno.

Hukumu yetu niliipata siku ya nne ya kutafuta, usiku, nyumbani Nkuhungu, bando linakaribia kuisha. Niliacha jina na namba, nikatafuta kwa maneno yenyewe yaliyonukuliwa, nikayarudisha kwenye Kiingereza kwa kukisia jinsi Jaji angeyasema, nikajaribu hivi nikajaribu vile. Ikaja. Jina la mrufani tulikuwa tumelikosea herufi, tarakimu mbili za namba ya rufaa zimegeuzana, na mwaka umekosewa kwa mmoja. Makosa matatu madogo, kila moja la sekunde moja la mtu aliyechoka, na yote matatu yakisimama pamoja kesi imepotea kabisa.

Nikaanza kusoma kuanzia mwanzo kama alivyosoma mama.

Hapo ndo nikakutana na kubwa zaidi. Maneno tuliyokuwa tunayanukuu miaka yote kama maneno ya Mahakama ya Rufani yalikuwa maneno ya wakili. Yaani Mahakama pale ilikuwa inaeleza wakili wa mrufani alisema nini, kwamba mtu aliyekaribishwa kulima hawezi kugeuka kuwa mwenye shamba hata akikaa miaka mingapi. Kurasa mbili mbele Mahakama inakubali, ndiyo, mwalikwa anabaki mwalikwa, lakini inaongeza sharti: yule anayesema alimkaribisha lazima awe na ushahidi wa huko kukaribisha, asitegemee tu kwamba wote wanajua.

Sharti hilo kwenye sabmisheni zetu halikuwahi kuwepo hata mara moja.

Lililonipa usingizi mbaya

Kesi ya mama ni hiyo hiyo. Marehemu mumewe alimkaribisha ndugu yake alime upande wa kule karibu na korongo, miaka ikaenda, mume akafariki, ndugu akasema ni pake, amekaa zaidi ya miaka 12, sheria ya ukomo inamlinda. Baraza la ardhi, ambako kesi ilianzia, likampa. Na sisi tulikuwa tunakwenda Mahakama Kuu na nusu ya kanuni.

Nikajiuliza maswali mengi usiku ule. La kwanza lilikuwa la kujitetea: kwani Jaji hajui sheria? Si atajua sharti hata tusipolitaja? Inawezekana. Lakini upande wa pili nao wana wakili, na siku akifungua hukumu halisi akaisoma mbele ya Jaji, mama yangu wa Kibaigwa atakuwa amekaa pale nyuma anasikia kwamba karatasi yake imesema kitu ambacho mahakama haikusema. Yeye hataelewa tofauti ya maneno ya wakili na maneno ya mahakama. Ataelewa tu kwamba kwake kumeonekana uongo.

Kesho yake nikaingia kwenye mwenendo wa shauri wa barazani, kurasa kibao zilizoandikwa kwa mkono afu zikachapwa, natafuta kama kuna mtu yeyote alisema aliona yule ndugu akikaribishwa. Shahidi wa tatu alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Mistari minne. Anasema alikuwepo, marehemu alimwonyesha mdogo wake mpaka kwa kupanda minyaa, akamwambia lima hapa mpaka upate pako. Mistari minne ilikuwa imekaa hapo muda wote na hakuna aliyeigusa, kwa sababu kwa kanuni tuliyokuwa nayo sisi haikuhitajika.

Tukaandika upya ukurasa wa sita na wa saba. Bosi alisoma hukumu yote amesimama, hakukaa, alipomaliza akasema tu, "Weka mzee wa minyaa juu kabisa."

Kiswahili na anwani

Kuna kitu kingine nilikigundua humo humo na ndicho kilichonifanya nifikirie kuandika hii makala, manake sijaona watu wakikiongelea.

Tangu ile Sheria Na. 1 ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, na mi nilifurahi sana, mama asingeweza kunisimamisha ukurasa wa sita kama ingekuwa ile Kiingereza yetu ya zamani. Lakini tunapoandika kwa Kiswahili tunatafsiri kila kitu, mpaka nukuu. Civil Appeal inakuwa Rufaa ya Madai. Republic inakuwa Jamhuri. Attorney General anakuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. "Of" inakuwa "ya mwaka". Na hukumu za zamani zenyewe zimebaki kwa Kiingereza, majina yake na namba zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa kawaida anakopi nukuu yetu ya Kiswahili anaiweka kwenye kutafuta, inarudi mikono mitupu, hata kama hatujakosea herufi moja.

Nilijaribu kwa kesi ninayoipenda, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983, [1983] TLR 32. Nikaiandika kwa Kiswahili safi, sikuipata. Kwa Kiingereza ikaja. Na jina la mume tu nimeshaliona limeandikwa Sefu, Seif, Seifu, kila wakili na sikio lake.

Sasa hebu fikiria kesi yenyewe ilivyo. Ndiyo iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Wanawake wangapi wamepata haki yao kwa jina la Bi Hawa. Na ukiisoma mpaka mwisho unakuta yeye mwenyewe hakuongezewa kitu, Mahakama ilisema alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi akazitumia vibaya. Jina lake linafungua milango ya wengine miaka arobaini sasa, na yeye alitoka mahakamani bila nyongeza. Mtu aliyepewa nukuu tu hawezi kulijua hilo. Lazima afike.

Nilibishana na nafsi yangu, tuache nukuu kwa Kiingereza ndani ya maandishi ya Kiswahili? Inaonekana kama kiraka. Na msomaji wetu ni mama, Civil Appeal inamsaidia nini? Upande mwingine nikitafsiri nimemfungia mlango. Nilizunguka hapo siku mbili tatu, na jibu lilikuwa lile lile nililokuwa naliruka pale juu. TZCA haina Kiswahili wala Kiingereza. Mabano, mwaka, herufi nne, namba. Haitafsiriki, haina "dhidi ya" wala "versus", haijali kama Selemani ni Suleiman. Ukiiandika Kibaigwa, ukiiandika London, inafungua hukumu ile ile.

Kwa hiyo sasa hivi ofisini kwetu nukuu inaandikwa kwa Kiswahili, jina lote, aina ya shauri, kisha namba ya TanzLII inafuata kama ilivyo, kisha tarehe ya hukumu, kisha ukurasa wa hukumu iliyochapwa, manake hukumu zetu nyingi bado aya hazina namba. Kama kesi imo kwenye TLR au EA tunaongeza na kitabu. Inachukua nafasi, mistari inakuwa mirefu, na mtu anayechapa analalamika, mtu huyo nikiwa mimi.

Na nikiandika "ukurasa wa 9" ni kwamba nimeufungua ukurasa wa 9.

Zilizokwisha kwenda

Ukurasa wa mama tuliuwahi. Lakini ile nukuu ilishatoka kwenye ofisi yetu mara saba, nilizihesabu. Mbili kesi bado zinaendelea. Tano zimeshaamuliwa.

Nilizunguka nalo hili kuliko yote. Kwenda kwa bosi kumwambia tuandike mahakamani kwamba tulikosea, na nakala aipate wakili wa upande wa pili ambaye atafurahi, sio jambo dogo kwa ofisi ndogo kama yetu. Mwenzangu mmoja akaniambia acha, hakuna anayefungua hizo kesi, kila mtu anajua haijaripotiwa maana yake ni hiyo. Na nadhani kweli kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Lakini siku hizi zinafunguka, Jaji anafungua kwa simu akiwa amekaa pale mbele. Na dunia nzima sasa inaogopa nukuu, tangu mawakili wa New York walipopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, kesi ya Mata na Avianca, wakapigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023. Yetu haikutungwa, ni kesi ya kweli iliyovaa jina bovu. Kwa anayeitafuta asiipate, tofauti ataijuaje?

Bosi alikaa kimya muda mrefu. Akauliza ni ngapi, nikamwambia. Akauliza zipi, nikamwonyesha. Akasema, "Andika barua mbili, nitasaini."

Tumeziandika. Moja ilijibiwa na wakili wa upande wa pili kwa ujumbe wa simu, ameandika ahsante, na yeye alikuwa ameinukuu kutoka kwetu kwenye kesi yake nyingine.

Kwa zile tano hakuna tunachoweza kufanya. Moja kati yake hukumu yake imewekwa mtandaoni, na Jaji kama kawaida ameeleza pande zote zilisema nini, na pale katikati imo kesi yetu na namba yetu mbovu, neno kwa neno. Nimeisoma mara nyingi. Mtu wa Songea au Bukoba ataikuta pale, ataona imeandikwa kwenye hukumu ya Mahakama Kuu, ataichukua. Hii ndo inayoniamsha usiku mpaka leo.

Karatasi ya mama

Mama alirudi wiki ya pili ya mwezi wa nane, kusikiliza tu zimefika wapi. Nikamwamkia, nikamwekea kiti, na kabla hajauliza nikamwambia siku ile mtandao haukuwa unasumbua, nilikuwa nimeitafuta kesi nikaikosa kwa sababu tuliiandika vibaya, nikaona aibu. Akanitazama. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Ulikuwa unatoka jasho na kuna baridi."

Nikamwonyesha hukumu. Tukasoma pamoja kipande, nikitafsiri, ila alikuwa na gari la kuwahi na ina kurasa nyingi. Akaniomba nimwandikie "hiyo namba yake". Nikaandika kwenye kikaratasi, herufi kubwa, mabano yake, mwaka, TZCA, namba, chini nikaweka anwani ya tanzlii. Akakikunja akakifunga kwenye pindo la kanga, pale pale ilipokuwa inakaa hela.

Jioni saa mbili simu ikaita, mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu. "Shikamoo. Bibi amesema nikwambie imefunguka." Nyuma nasikia mama anaongea, anamwambia aendelee, asiruke. Kijana anasoma sentensi ya Kiingereza polepole, anasimama, anaiweka kwa Kiswahili chake, mama anauliza, anarudia. Walinisahau kwenye laini. Nikakaa nasikiliza, wamefika mahali ambapo Mahakama inaeleza mrufani alikuwa nani, alifikaje kwenye lile shamba na nani alimwacha nalo.

"Rudia hapo," mama akasema.

Kijana akarudia.

"Kumbe na yeye ni mjane."